Maji ya Chemchemi Yetu ni Safi, Lakini kwa Kipimo Gani?

Najua nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, na wengine mmeniandikia kuuliza kama nimeacha kublogu. La hasha! Nilikwenda nyumbani Bumula kwa likizo ya Desemba, na niliyoyakuta huko yalinifanya niweke kando mambo ya kodi na seva nianze kusoma habari za vimelea. Kwa hiyo leo hakuna somo la programu. Au niseme lipo, ila limejificha ndani ya maji.

Kwa wasioijua Bumula, ni sehemu ya Kaunti ya Bungoma, magharibi mwa Kenya. Mimi nafanya kazi Kitale, kwa hiyo nyumbani si mbali. Pale kwetu tuna chemchemi. Zamani ilikuwa shimo tu, unapiga magoti na kuchota kwa kata, ng'ombe wako upande wa pili wanakunywa. Siku hizi imejengewa ukuta wa saruji na maji yanatoka kwenye bomba. Watu walikuja wakachukua maji kwenye chupa, wakarudi baadaye na karatasi inayosema maji ni salama kwa kunywa. Juu ya hayo dada yangu hutia dawa ya klorini kwenye kila mtungi. Nani angetilia shaka maji kama hayo?

Sasa mtoto wa dada yangu, mwenye umri wa mwaka mmoja na miezi miwili, alianza kuhara. Siku tatu, wiki, wiki mbili. Maabara ya kwanza (sitaitaja) waliweka sampuli chini ya hadubini wakaandika "amiba". Akapewa dawa ya amiba. Haikusaidia kitu. Maabara ya pili (hiyo pia sitaitaja) waliandika "hakuna kilichoonekana". Mtoto akazidi kukonda, macho yakaingia ndani. Tulikuwa tunamnywesha maji ya chumvi na sukari ya pakiti usiku kucha, na nakuambia ndugu msomaji, usiku wa namna hiyo ni mrefu. Mahali pa tatu daktari mmoja mwenye subira aliuliza, "Huko kwingine walipima nini hasa?" Hatukujua. Akaagiza kipimo cha antijeni, kile kijiti kinachofanana na cha corona, na mstari ukajitokeza: kriptosporidi. Mtoto akatibiwa, na leo anakimbiza kuku.

Lakini dada yangu alibaki na swali lake, nami ndilo lililoninyima usingizi. "Kaka, maji yetu yalipimwa yakaonekana safi. Dawa natia. Sasa huyu mdudu alipitia wapi?"

Hadi leo sijui kama alipitia kwenye maji, mikononi, au kwa watoto wenzake. Ila nilipoanza kusoma niligundua kwamba historia yote ya kutafuta vimelea ni historia ya swali lile la daktari: walipima nini? Haya basi, tuanze mwanzo.

Miaka mia tatu ya kuchungulia

Mwaka 1681 muuza vitambaa mmoja wa Uholanzi, Antonie van Leeuwenhoek, aliugua tumbo. Alikuwa na kipaji cha kusaga vioo vidogo vya kukuzia, basi akafanya jambo ambalo wengi wetu tusingelifanya. Alitazama kinyesi chake mwenyewe. Aliona vijidudu vinatembea humo, na wataalamu wanakubaliana kwamba maelezo yake yanalingana na kimelea tunachokiita leo giardia. Huo ndio mwanzo.

Amiba ilisubiri hadi 1875, pale daktari Fedor Lösch alipoielezea kutoka kwa mgonjwa wake mjini St Petersburg, Urusi. Kriptosporidi ikaja 1907. Ernest Tyzzer, Mmarekani, aliikuta kwenye tumbo la panya wa maabara, akaiandika vizuri, na dunia ikaisahau. Ilichukua karibu miaka 70 mpaka mwaka 1976 ndipo ilipoonekana kwa binadamu. Halafu miaka ya 1980 ulipoingia UKIMWI, watu wenye kinga dhaifu walianza kufa kwa kuhara kusikokoma, na kriptosporidi ikawa jina linalojulikana hospitalini.

Swali: je, kati ya 1907 na 1976 hapakuwa na mtoto aliyeugua kriptosporidi? Walikuwepo bila shaka. Kimelea hiki hutoka mwilini kikiwa kwenye sisti, yaani kama kijiyai chenye ganda gumu, chenye upana wa maikroni 4 hadi 6 tu. Kwenye hadubini ya kawaida, bila rangi maalumu, kinafanana na chembe nyingine yoyote ya uchafu. Mtaalamu wa maabara anaweza kukitazama ana kwa ana na kuandika "hakuna kilichoonekana", na hajasema uongo. Hakukiona.

Na ile "amiba" ya maabara ya kwanza? Hapa ndipo nilipocheka kwa uchungu. Mwaka 1925 mtaalamu wa Ufaransa, Émile Brumpt, alisema amiba hii ni aina mbili zinazofanana kama mapacha. Moja inaleta ugonjwa, nyingine inakaa tumboni kwa amani. Wengi hawakumsikiliza. Ikapita karibu miaka 70 tena, hadi 1993, ndipo Louis Diamond na Graham Clark walipozitenganisha rasmi, wakitegemea ushahidi wa kemia na wa DNA. Mbaya ni Entamoeba histolytica, mpole ni Entamoeba dispar. Mwaka 1997 Shirika la Afya Duniani likakubali mgawanyo huo. Kwa hiyo kila unapopewa karatasi iliyoandikwa "amiba" kwa kutazama sisti kwenye hadubini peke yake, aliyeandika hana njia ya kujua ni pacha yupi. Nami nilikulia Bungoma. Sijui nimemeza dawa ya amiba mara ngapi!

Karatasi ya "maji safi" inasema nini?

Sasa turudi kwenye maji. Nilimwomba dada anionyeshe ile karatasi ya chemchemi. Nikaisoma kwa makini kama ninavyosoma logi za seva. Kilichopimwa kilikuwa kimoja tu, bakteria aitwaye E. coli. Mengine yote hayakuguswa.

Msinielewe vibaya, kipimo hicho kina mantiki. E. coli huishi kwenye utumbo wa watu na wanyama. Ukimkuta kwenye maji, ujue kinyesi kimefika hapo. Kumtafuta ni rahisi na bei nafuu, tofauti na kutafuta kila ugonjwa mmoja mmoja. Sisi waandishi wa programu tunafanya hivyo hivyo. Hatukagui kila kitu ndani ya seva kila dakika, tunaituma salamu ndogo na ikijibu tunasema iko hai. Lakini kila aliyewahi kuamshwa saa nane usiku anajua kwamba seva inaweza kujibu salamu vizuri kabisa huku hifadhidata imeanguka.

Na hilo ndilo lililotokea Milwaukee, Marekani, mwaka 1993. Mji tajiri, wenye mitambo ya kuchuja na kutia klorini, maji yake yametimiza viwango vya wakati ule. Maduka ya dawa yakaanza kuishiwa dawa za kuharisha. Shule na ofisi zikawa na wagonjwa kila mahali. Walipokuja kutafuta kriptosporidi wakaikuta. Watu wanaokadiriwa kufikia 403,000 waliugua, na wengi wa waliofariki walikuwa wale wenye UKIMWI. Kipimo cha kila siku kilikuwa kinajibu salamu vizuri tu.

Sababu ni lile ganda. Mamlaka ya afya ya Marekani, CDC, imetoa hesabu ya muda ambao klorini ya miligramu 1 kwa lita, kwenye maji ya bwawa la kuogelea yenye joto la nyuzi 25, inahitaji ili kuua. E. coli: chini ya dakika moja. Giardia: kama dakika 45. Kriptosporidi: dakika 15,300, yaani zaidi ya siku kumi! Kwa hiyo mtu akitia klorini leo na kupima E. coli baada ya nusu saa, atapata sifuri na kuandika "safi". Dawa imemwua yule tuliyemweka kuwa mlinzi, na wale wenye maganda magumu bado wamo ndani.

Magharibi mwa Kenya tumechunguzwa kuliko wengi

Hapa kuna jambo ambalo sikulijua, ingawa nimezaliwa hapa. Eneo letu ni kati ya sehemu zilizochunguzwa sana duniani kuhusu maji ya kunywa.

Jirani zetu wa Busia walikuwa na utafiti wa chemchemi 200, ambapo ujenzi wa kuzihifadhi kwa saruji ulipangwa kwa awamu ili kulinganisha zilizojengwa na ambazo bado. Michael Kremer, yule mwanauchumi aliyeshiriki Tuzo ya Nobel mwaka 2019, alikuwa mmoja wa watafiti. Matokeo yalichapishwa 2011. E. coli ilipungua kwa asilimia 66 pale kwenye chemchemi, lakini kwenye mitungi ya nyumbani ilipungua kwa asilimia 24 tu. Safari kutoka bombani hadi kikombeni ilirudisha sehemu kubwa ya uchafu. Hata hivyo kuhara kwa watoto kulipungua kwa karibu robo, na hilo si dogo.

Halafu ukaja utafiti mkubwa zaidi, wa hapa hapa kwetu: Bungoma, Kakamega na Vihiga. Uliitwa WASH Benefits. Kati ya Novemba 2012 na Mei 2014 waliandikishwa wajawazito 8,246 katika vikundi 702 vya vijiji. Wengine walipewa klorini, wengine vyoo bora, wengine mambo ya kunawa mikono, wengine lishe, wengine mchanganyiko, na wengine hawakupewa kitu ili kulinganisha. Watoto wakafuatiliwa kwa miaka miwili.

Mwaka 2019 ilitoka ripoti ya vimelea, iliyoandikwa na Amy Pickering, Sammy Njenga wa KEMRI na wenzao. Someni vizuri hapa. Minyoo ya askaris ilipungua kwa asilimia 18 kwa waliopewa klorini peke yake, na kwa asilimia 22 kwa waliopewa maji, choo na kunawa kwa pamoja. Hizo ni habari njema. Lakini giardia, iliyopimwa kwa antijeni, haikupungua hata kidogo. Karibu watoto wanne kati ya kila kumi walikuwa nayo, uwe umepewa klorini au hukupewa.

Niliposoma hayo nilikaa kimya. Hao ni watoto wa vijiji kama chetu. Wazazi wao walitia dawa kama dada yangu. Kweli, utafiti wenyewe unasema baadhi waliacha kutia kadiri muda ulivyokwenda, na giardia hupita pia mikononi na kwenye uwanja anakotambaa mtoto. Lakini kama watafiti wangepima E. coli kwenye maji peke yake, wangesema kazi imekwisha.

Chemchemi ya Marekani iliyotupa macho mapya

Sasa tuje kwenye PCR, ambayo baada ya corona kila mtu amesikia jina lake, ila wachache wanajua ilikotoka.

Ilitoka kwenye chemchemi! Miaka ya 1960 mwanasayansi Thomas Brock na mwanafunzi wake Hudson Freeze walichukua sampuli kwenye chemchemi za maji moto za Yellowstone, Marekani. Wakapata bakteria anayeishi kwenye joto ambalo lingekuivisha yai. Wakamtangaza mwaka 1969 kwa jina Thermus aquaticus. Hawakuwa wanatafuta dawa wala kipimo. Walitaka tu kujua nani anaweza kuishi humo.

Mwaka 1983 Kary Mullis, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Cetus huko California, alipata wazo la kunakili kipande cha DNA mara nyingi. Unapasha joto, nyuzi mbili za DNA zinaachana. Unapoza, vipande vifupi viitwavyo praima vinajishika mahali vinapolingana. Kimeng'enya kinajaza sehemu iliyobaki. Sasa una nakala mbili. Rudia, una nne. Rudia mara 30 na kipande kimoja kimekuwa zaidi ya bilioni moja (2 kwa kipeo cha 30, pigeni hesabu wenyewe). Tatizo lilikuwa kwamba kila ukipasha joto, kimeng'enya kinaharibika, na ilibidi uongeze kingine kila mzunguko. Yule bakteria wa Yellowstone ndiye aliyeleta suluhisho, kwa sababu kimeng'enya chake hakijali joto. Kufikia 1988 kilikuwa kimeingizwa kwenye PCR, mashine ikaachiwa ifanye kazi peke yake, na Mullis akapata Nobel mwaka 1993.

Kwa mwandishi wa programu, PCR ni rahisi kuielewa. Praima ni yale maneno unayoandika kwenye kisanduku cha kutafuta. Faili ni DNA yote iliyomo kwenye sampuli. Maneno yakipatikana, mashine inayanakili mpaka yaonekane. Na kama kawaida ya kutafuta, ukiandika maneno mapana mno utapata takataka. Ukiyaandika kwa kosa hutapata kitu. Na ambacho hukukiandika, hutakiona kamwe hata kama kimejaa faili nzima.

Magamba yanayokumbuka

Kupima kinyesi ni jambo moja. Kupima maji ni kazi nyingine. Kwenye kinyesi cha mgonjwa vimelea ni maelfu kwa maelfu. Kwenye maji labda ni sisti chache katika lita kumi, nazo hupita leo na kesho hazipo. Inabidi uchuje maji mengi, ukusanye tope lililobaki, uvunje yale maganda, ndipo utoe DNA. Na udongo wenyewe una kemikali zinazozuia PCR kufanya kazi, hivyo unaweza kupata "hakuna" ilhali kipo.

Ndiyo maana wataalamu waliwageukia wanyama wenye magamba. Chaza na kome huishi kwa kuchuja maji. Wanavuta maji, wanabakiza kilichomo, wanatoa maji. Anachokibakiza ni kama logi ya wiki kadhaa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Ronald Fayer na wenzake walionyesha kwamba chaza wa ghuba ya Chesapeake, Marekani, walikuwa na sisti za kriptosporidi zilizotoka nchi kavu pamoja na maji ya mito, na kwamba baadhi ya sisti zilibaki na uwezo wa kuambukiza. Maji ya mto yamepita, lakini chaza bado ana ushahidi.

Sisi Bumula hatuna chaza. Lakini Kenya ina konokono, na hapa nchi yetu ina historia yake yenyewe. Ugonjwa wa kichocho huletwa na kimelea kinachohitaji konokono wa maji baridi ili kikue. Njia ya zamani ya kujua konokono kama ameambukizwa ni kumweka kwenye maji chini ya mwanga na kusubiri vimelea vitoke. Shida ni kwamba vimelea hukaa ndani yake kwa wiki kadhaa kabla ya kuanza kutoka. Konokono wa namna hiyo alikuwa akiandikwa "mzima".

Mtafiti Joseph Hamburger na wenzake waligundua kwamba DNA ya kichocho ina kipande kifupi kinachojirudia mara nyingi sana. Ukikitafuta hicho, una nafasi kubwa ya kukipata hata kama kimelea ni kimoja. Mwaka 1998 walichapisha njia ya kukitafuta kwa PCR ndani ya maji na ndani ya konokono aliyeambukizwa karibuni. Mwaka 2004, wakishirikiana na wanasayansi wa Kenya akiwemo Curtis Kariuki na Eric Muchiri, wakatoa matokeo ya kazi kubwa iliyofanyika pwani, eneo la Msambweni, Kwale, ambako walipima konokono wengi kwa PCR na kuonyesha kwamba wengi zaidi walikuwa wameambukizwa kuliko wale waliokuwa wakitoa vimelea. Mwaka 2010 ikaja kazi ya kutumia LAMP, mbinu iliyobuniwa Japani na kutangazwa mwaka 2000, ambayo haihitaji mashine ya kupandisha na kushusha joto. Joto moja tu linatosha, jambo zuri kwa maabara ya mashambani. Na mwaka 2019 watafiti wa Denmark na Kenya walionyesha kwamba unaweza kuacha konokono kabisa, ukachuja maji ya mto au bwawa na kusoma DNA ya kichocho iliyomo. Kulikuwa na sehemu ambazo kutafuta konokono kulisema hakuna, na maji yakasema kipo.

Mnaona mtindo? Kila kipimo kipya kinapofika, watu na maji na konokono waliokuwa "safi" jana wanakuwa wagonjwa leo. Hawajabadilika. Kilichobadilika ni tunachoandika kwenye kisanduku cha kutafuta.

Siaya, na swali la ng'ombe

Mfano wa mwisho, na mkubwa kuliko yote. Kati ya 2007 na 2011 ulifanyika utafiti wa kuhara kwa watoto katika nchi saba za Afrika na Asia, uitwao GEMS. Hapa Kenya ulikuwa Siaya. Ulipochapishwa 2013 ulishangaza wengi, kwa kuwa kati ya watoto wachanga kriptosporidi ilikuwa ya pili baada ya rotavirusi. Kimelea kilichosahauliwa miaka 70, namba mbili!

Lakini hata hivyo, vipimo vya mara ya kwanza viliweza kueleza chanzo cha karibu nusu tu ya kuhara. Mwaka 2016 sampuli zile zile zilizohifadhiwa zilipimwa upya kwa PCR ya kuhesabu wingi. Sehemu iliyopata maelezo ikapanda kutoka asilimia 51.5 hadi 89.3. Watoto wale wale, kinyesi kile kile.

Na PCR inajibu hata lile swali la kukhu (ndivyo tunavyomwita nyanya kwetu). Yeye tangu mwanzo alilaumu ng'ombe wa jirani. Ni kweli kuna aina ya kriptosporidi ya ndama, C. parvum. Lakini kuna nyingine, C. hominis, ambayo makao yake hasa ni binadamu, na kwa hadubini huwezi kuzitofautisha. Mwaka 2006 Wangeci Gatei na wenzake walichapisha uchunguzi wa DNA ya kriptosporidi za watoto wa Kenya, na karibu tisa kati ya kumi zilikuwa C. hominis. Maana yake, mara nyingi chanzo ni choo chetu na mikono yetu. Nilipomweleza kukhu hakufurahi. Alisema ng'ombe wa jirani bado wana makosa mengine.

Usiabudu mashine

Kabla hamjakimbia kudai PCR kwa kila mtungi, nami niwe mkweli. PCR inaona DNA, haioni uhai. Chemsha maji, sisti zife, mashine bado inaweza kusema zipo. Pia mtoto anaweza kuwa na kimelea bila kuugua, ndiyo sababu ule utafiti wa 2016 ulihesabu wingi na kulinganisha na watoto wazima. Na bei yake si ya kijiji. Mashine mpya nayo ina mahali isipoona, na baada ya miaka 30 kuna mtu atatucheka.

Basi sisi tulifanya nini? Mambo ya kawaida tu. Klorini tunaendelea nayo, kwa sababu inaua bakteria na virusi vingi, na kuacha ingekuwa ujinga. Lakini maji ya mtoto sasa yanachemshwa. Yakichemka na kutokota kwa dakika moja yanatosha kwa miinuko kama yetu (juu ya mita 2,000 wanashauri dakika tatu), na hapo ganda gumu halisaidii kitu. Mtungi una mfuniko na maji yanatoka kwa bomba dogo, hakuna kuchovya kikombe. Choo kimejengewa sakafu ya saruji na pembeni kuna maji na sabuni. Na mtoto akihara zaidi ya siku chache, tunakwenda na swali mkononi.

Kukhu anatucheka. Yeye maisha yake yote hajawahi kunywa maji makavu, ni chai tu asubuhi mpaka jioni. Kumbe miaka yote hiyo alikuwa na ulinzi ambao ile karatasi yetu haikuwa nao.

Ninachowaomba wasomaji ni kitu kimoja. Ukiambiwa maji ni safi, au mtoto hana kitu, uliza kwa upole: mlipima nini, na kwa kipimo hicho ni nini kisingeonekana? Si dharau kwa mtaalamu. Daktari yule wa tatu aliuliza swali hilo hilo, na ndilo lililomwokoa mtoto wetu.

Haya, wiki ijayo tunarudi kwenye kodi. Kama kijiji chenu kina chemchemi yenye karatasi kama yetu, nisomeeni imeandikwa nini, mniachie maoni hapo chini.